Nani Alale Juu, Nani Alale Chini

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku nyingi nilizoishi, mwanangu. Ni siku ambayo baba mkwe wangu aliketi mlangoni kwetu, hapa hapa Pasiansi, tangu asubuhi mpaka jua likazama, akakataa kupanda na akakataa kushuka. Nitakueleza kwa nini, maana ile ramani mliyonionyesha jana, wewe na mkeo, ya nyumba ya ngazi mbili mnayotaka kuijenga kule mlimani, imenifurahisha na imenichekesha. Mmechora dirisha kubwa la kutazama ziwa. Mmechora na mahali pa kuweka gari ambalo hata usukani wake hamjaushika. Sikusema neno mbele ya mkeo kwa sababu nilimwona anavyoipenda. Leo umekuja peke yako, basi kaa, kunywa uji, unisikilize. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na mtoto wa dada ni wangu, kwa hiyo nikikutania uvumilie.

Nyumba yetu hii umeingia mara nyingi, lakini hujui ilivyopatikana. Watu wa Mwanza tunajua kwamba mwenye kuchora ramani hapa ni jiwe, mtu anafuata tu. Kiwanja chetu kilikuwa na mteremko. Upande wa ziwa ardhi inashuka, upande wa mlima inapanda, na jiwe kubwa limekaa kwa nyuma kana kwamba ndilo lenye hati. Mume wangu Masatu, wakati huo kijana fundi umeme, alikuwa na nguvu na ubishi. Alilichoma lile jiwe kwa matairi makuukuu siku nzima, kisha akalimwagia maji baridi lipasuke, kama wafanyavyo wengi. Likamegeka kipande cha kutosha kukalia kuku. Moshi ukachafua nguo za majirani zilizoanikwa, tukaomba radhi nyumba kwa nyumba. Mwisho fundi ujenzi akamwambia, “Bwana Masatu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Tuipandishe nyumba nusu, tuishushe nusu, jiwe libaki mahali pake.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango mkubwa ukawa ubavuni, katikati ya juu na chini. Ukiingia unasimama kwenye kijinafasi ambacho watu wawili hawawezi kuvua viatu kwa pamoja. Mbele yako kuna ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, na mgeni hubaki amesimama hajui aende wapi. Juu tuliweka sebule, jiko, choo na chumba chetu cha kulala. Chini tukaweka bafu, stoo, chumba cha watoto na chumba cha wageni. Mtaa mzima ukaiita nusu ghorofa. Wengine walisema kwa kusifu, wengine kwa kejeli, na mimi niliitikia zote kama sifa.

Mwanangu, nilikipenda kile chumba cha juu. Nisikufiche. Nilikuwa nimetoka kwetu Magu, kwenye tambarare, ambako ukifungua dirisha unaona ng'ombe wa jirani naye anakuona. Hapa nikifungua dirisha naona ziwa lote, mitumbwi ikirudi asubuhi, na meli ya Nansio ikija polepole kutoka kisiwani. Upepo uliingia mpaka ukageuza kurasa za kalenda. Wageni wakija tunakaa nao juu na kucheka tunavyotaka, watoto wamelala chini hawasikii. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mlimani yaligonga jiwe, yakagawanyika pande mbili, yakaenda zake ziwani bila kutuuliza. Rafiki zangu wa Buzuruga, kule bondeni, walikuwa wakihamisha magodoro, mimi nimesimama dirishani na kikombe cha chai. Ujana, mwanangu, una kiburi chake kidogo, na changu kilikuwa na pazia la maua.

Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya nusu ghorofa kuna mambo ambayo ramani haisemi. Maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kupanda. Yalifika chini yakachoka, na mimi nikayapandisha kwa ndoo. Kitunguu kikiwa juu, kisu kiko chini. Mume akisema jambo akiwa chini, wewe wa juu unasikia nusu yake, na ndiyo maana nusu ya maisha yangu ya ndoa nimeitumia kuuliza, “Unasemaje?” Masika yakifika, ukuta wa chini ulioegemea mlima ulitoka jasho, nguo kabatini zikanuka uvundo. Na wale wadudu wa ziwani, siku wanayokuja kama moshi, dirisha la juu ndilo linalowapokea wa kwanza. Hayo yote nilikuwa nayajua na nikayazoea, nikadhani nimeshaijua nyumba yangu.

Kisha akaja mzee.

Baba mkwe wangu, Mzee Bwire, alikuwa mkulima wa mihogo na machungwa, kijijini mbele kidogo ya Nansio. Alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu, akapuuza, akapaka majani, akaendelea kulima. Kidonda kikawa kikubwa, goti nalo likakaza. Mganga mkuu wa hospitali ya kule akamwambia aende Mwanza, akae karibu na hospitali, asafishwe kidonda kila siku mpaka kifunge. Akamwambia pia, bila kuzunguka, kwamba akirudi shambani mapema mguu utakatwa. Masatu aliponieleza hayo niliogopa sana, kwa sababu nilimpenda yule mzee. Alikuwa mtu wa maneno machache na vicheko vingi, na siku ya harusi yetu alicheza mpaka kofia ikaanguka.

Nikaandaa chumba cha wageni, chini. Nikatandika shuka mpya, nikaweka mtungi wa maji na kiti chenye mto wa kuegeshea mguu. Masatu akaenda kumpokea bandarini. Walipofika nilipiga magoti pale pale mlangoni, nikamwamkia, “Shikamoo, baba.” Akaitikia marahaba akitazama pembeni, kama inavyotakiwa.

Hapa nikueleze, maana ninyi vijana wa leo mnapigana mabega na wakwe zenu na kupiga nao picha. Kwetu na kwa kina Masatu, baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao. Hawaketi kiti kimoja. Mkwe haingii chumbani kwa mzee, hamtazami mwilini, haulizi habari za maungo yake. Ukiona ni ukali, hujaelewa. Ni upendo uliopewa mpaka ili usichafuke. Mimi nililelewa nikijua hivyo na sikuwahi kuona tabu.

Mzee akauliza, “Chumba changu kiko wapi?”

Masatu akamwonyesha ngazi za kushuka. Mzee akazitazama, akaridhika. Akainua fimbo ateremke, kisha akasita. “Na juu ya hicho chumba kuna nini?”

Mume wangu hajui kudanganya hata pale ambapo uongo mdogo ungemsaidia. “Juu yake ni chumba chetu, baba. Mimi na Kabula.”

Fimbo ikarudi sakafuni. “Yaani mkwe atatembea juu ya kichwa changu.”

“Baba, katikati kuna zege nene.”

“Zege halijui mkwe ni nani,” mzee akasema. “Mimi najua.”

Chumba cha watoto nacho kilikuwa chini ya jiko, nami jikoni nashinda. Tukajaribu kumpandisha juu. Ngazi zetu zilikuwa za kusimama, kwa sababu jiwe halikutuachia nafasi ya kuzilaza. Akaweka mguu mzima kwenye ngazi ya kwanza, akavuta ule mbovu, jasho likamtoka na bendeji ikaanza kuwa nyekundu. Masatu akamkamata, akamketisha kwenye kigoda pale mlangoni. Mzee akafuta uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nitakaa hapa. Dada yangu aje anichukue, nirudi kwangu.”

Siku hizo simu za mkononi walikuwa nazo wachache. Ujumbe ulikwenda kwa mdomo, kupitia mabaharia wa meli, hivyo dada yake asingefika siku hiyo wala kesho yake. Mzee akashinda mlangoni. Alikula pale, akanywa chai pale, akaamkiana na kila mpita njia, na ukweli ni kwamba alijifurahisha. Jioni alikuwa ameshajua nani ana binti wa kuolewa na nani ana mbuzi mgonjwa. Mimi nilikuwa juu, nimekaa kitandani bila kukanyaga sakafu, nikilia kimya kimya kwa kuwaza ule mguu. Masatu akamtandikia godoro pale pale, akalala amejikunja, miguu imeelekea mlangoni.

Asubuhi nikashuka ngazi na kikapu cha sokoni, nikasimama. Njia ya kutoka ilikuwa imezibwa na miguu ya baba mkwe. Kuruka miguu ya baba mkwe, mwanangu! Hata wewe usiyejua mila umeshtuka. Nikarudi juu kwa ncha za vidole, nikafungua mlango wa jikoni ambao tulikuwa tunautumia kumwagia maji machafu, nikapita ubavuni mwa jiwe, nikajipenyeza kwenye ua wa Mama Doto, jirani yetu wa upande wa mlimani, kuku wake wakaruka huku na huko, nikatokea kwenye njia ya juu. Mama Doto alikuwa anafagia. Akaegemea ufagio.

“Mayu,” akaniita kwa Kisukuma, kama kusema mama, “umefukuzwa kwako?”

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa mayai mawili ya kumchemshia mzee. Kwa siku kadhaa hiyo ndiyo ikawa njia yangu, nikienda sokoni na nikirudi. Masatu alimpeleka baba yake kwa baiskeli za kubeba abiria akasafishwe kidonda, wakarudi, mzee akaketi tena mahali pake. Daktari alikuwa amesema akae ameulaza mguu, asiukunje. Pale mlangoni ulikunjwa usiku kucha. Kidonda hakikuonyesha dalili ya kufunga, Masatu alininong'oneza hivyo jikoni, na macho yake yalikuwa yamevimba.

Shangazi Nyamisi, dada yake mzee, alifika na kapu la machungwa kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Alipomkuta kaka yake ameketi kati ya ngazi na ngazi, alishika ukuta kwa kicheko. “Wewe uliyekataa kuhama hata mafuriko yalipokuja, leo umekuwa bawabu?” Mzee naye akacheka, lakini akasema, “Nichukue twende.” Shangazi hakumjibu. Akavua viatu, akashuka chini, akachungulia vyumba. Akapanda juu, akapita sebuleni, akaingia chumbani kwangu, akasimama dirishani. Nikamfuata.

Nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia nitatembea peku. Nikamwambia nitatandika mikeka na mablanketi sakafu nzima. Nikamwambia nitaingia chumbani wakati mzee hayupo tu, nitoke kabla hajarudi. Nikamwambia niko tayari kulala sebuleni kwenye kochi mpaka apone. Shangazi alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akiwa bado anatazama nje, kwenye ile meli iliyomleta.

“Mkwe,” akasema, “umefikiria kila njia isipokuwa kuhama humu.”

Akageuka kutoka dirishani.

“Wewe na mumeo laleni chini. Mzee alale hapa. Akiwa juu yako hakuna mila iliyovunjika.”

“Hawezi kupanda ngazi, shangazi. Damu ilimtoka.”

“Na wewe siku hizi unatokea wapi, wakati miguu yake imeziba mlango?”

Mwanangu, sijui nikuambieje. Nilikuwa nimeipita ile njia kila siku, kikapu kichwani, na haikuwa na ngazi hata moja. Mlango wa jikoni uko sawa na ardhi ya mlimani. Mtu akishushwa kwenye njia ya juu, akavuka ua wa Mama Doto, akapita ubavuni mwa jiwe, anaingia ghorofani kwetu bila kuinua mguu. Macho yangu yalikuwa ziwani, na mlango wa nyuma nilikuwa nauona wa maji machafu tu.

Ningepaswa kufurahi hapo hapo, lakini niliwaza kukiacha chumba kile. Nilitazama pazia langu la maua. Shangazi aliona, maana wazee huona hata usichosema. Akanishika bega, na sauti yake kubwa akaishusha.

“Kabula, hili ziwa kaka yangu amelijua tangu hajaota ndevu. Mwache alitazame akiwa mgonjwa. Ninyi mmejenga nyumba ya kutazama nje, mkasahau kuuliza nani ataingia akiwa hawezi kuinua mguu. Dirisha halitakuzika, mwanangu. Watu ndio watakuzika.”

Hayo maneno yaliniingia na hayajatoka. Nikasema, “Nimekusikia, shangazi,” nikaanza kushusha pazia. Akanizuia. Akasema pazia libaki, mzee anapenda maua.

Siku ile ilikuwa kama sikukuu. Mama Doto akakubali tufungue uzio wake wa michongoma, kwa sharti moja, kwamba mzee asipite tu kama mwizi, asimame amsalimie. Vijana wa mtaa wakasawazisha njia kwa mchanga. Masatu na wenzake wakashusha kitanda chetu, wakapandisha cha wageni, wakagombana kwenye kona ya ngazi, kitanda kikakwama, wakacheka, kikakwamuka na kipande cha plasta. Mzee alikuwa kwa daktari wakati huo, shangazi amemsindikiza. Waliporudi, baiskeli ikapita njia ya juu. Akashuka, akasalimiana na Mama Doto kwa kirefu, akaja na fimbo yake katikati ya kuku, akalizunguka jiwe, akaingia jikoni, akatokea sebuleni. Akasimama akishangaa.

“Hii nyumba ni ya nani?” akauliza.

Masatu akamwambia ni ile ile. Mzee hakuamini. Mimi nikatokea kwenye ngazi, nikitoka chini, nikapiga magoti.

“Mkwe,” akasema akitazama ukuta, “unalala wapi?”

“Chini, baba.”

“Chini ya miguu yangu?”

“Ndiyo, baba.”

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Akaomba kiti kisogezwe dirishani. Shangazi akauinua ule mguu, akaulaza juu ya mto, ukanyooka kwa mara ya kwanza tangu afike. Baadaye meli ikatokea kwa mbali. “Ile ni ya kwetu,” akasema. Kuanzia hapo hakuipita meli hata moja bila kuitangaza kwa nyumba nzima, uwe umeuliza au hujauliza. Habari ya kurudi kwake hakuitaja tena. Shangazi akapanda meli peke yake, kapu tupu kichwani.

Nami nikajifunza nyumba yangu upya, kwa upande wa chini. Wala sikuwa nimejua kuwa kuna ubaridi mzuri vile mchana wa jua kali. Kulikuwa na utulivu. Kelele za barabarani zilipita juu ya paa na kwenda zao. Ukuta uliotoka jasho, Masatu aliuchimbia mfereji kwa nje, tukaupaka chokaa, ukakauka. Na mengine ya faida ya chumba cha chini nayaruka, wewe ni mtu mzima.

Lakini jambo kubwa lilikuwa ni hili. Nilikwambia kwamba mkwe haulizi habari za mwili wa mzee. Kidonda kile sikuwahi kukiona. Sikuweza kusema, “Baba, leo mguu unaendeleaje?” Ningemuuliza Masatu, naye angejibu kama wanaume wanavyojibu, “Afadhali.” Afadhali ya nini? Basi nikawa nasikiliza. Asubuhi, kabla sijaamka, nilitazama dari na kumsikia akitembea juu yangu. Mguu mmoja ulikanyaga, fimbo ikagonga, mwingine ukaburutwa. Nilijua siku aliyolala vibaya. Nilijua siku aliyokuwa na maumivu, kwa sababu fimbo ilitangulia. Siku moja kulikuwa kimya mpaka jua likapanda, nikakimbia juu, nikamkuta sebuleni, yuko dirishani, anahesabu mitumbwi. Nikajifanya nimefuata chumvi.

Wiki zikapita. Kuburuta kukawa kufupi. Fimbo ikawa inagonga kwa mbali mbali, halafu inagonga tu kama mtu anayetia chumvi kwenye maneno. Kuna asubuhi niliamka nikasikia hatua juu, moja, nyingine, moja, nyingine, zote zina uzito sawa, na fimbo haipo. Nikamtikisa Masatu.

“Sikiliza.”

Akasikiliza. “Nani yuko juu?”

“Baba.”

“Baba hatembei hivyo.”

“Ndiye.”

Tukalala pale tumetazama dari, tumeshikana mikono kama watoto wanaosikiliza mvua. Mzee alikwenda mpaka dirishani, akageuka, akarudi, akaenda tena. Nadhani naye alikuwa anajisikiliza. Masatu akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, na mimi nikafuata. Watoto wakaja kuuliza tumepigwa na nani. Katika maisha yangu nimepewa zawadi nyingi, mwanangu, lakini hakuna niliyopokea kwa masikio isipokuwa ile.

Alirudi Nansio kwa miguu yake miwili, akalima miaka mingi baada ya hapo. Kila alipokuja, chumba cha juu kilikuwa chake, na asipokuwepo tulikiita chumba cha baba tukapita mlangoni kwa adabu. Sisi tulibaki chini. Sasa amekwenda kwa Mungu, na Masatu naye ametangulia, na magoti yangu unayaona. Mwaka juzi mwanangu Bwire, huyu mwenye jina la babu yake, na mkewe, walinihamishia juu bila kuniuliza sana. Naingia kwa mlango wa jikoni. Na nikuibie siri: mkewe, akiwa kule chini, ananisikiliza. Anadhani sijui. Siku ambayo goti linanisumbua, huwa naamka, nakanyaga hatua mbili tatu kwa nguvu, pa, pa, pa, ndipo naketi kitandani kuugulia. Nataka aanze siku yake vizuri.

Basi sikiliza sasa, kabla uji haujapoa kabisa. Jengeni nyumba yenu ya ngazi mbili. Sikukatazi, na mtu asikutishe. Mlima ni wa kukaliwa, na jiwe ukilikubali litakulinda na maji. Ziwekeni ngazi zilale, hata kama sebule itapungua. Maji yafike juu. Chimbeni mfereji nyuma ya ukuta wa chini kabla ya kupaka rangi, msingoje masika yawakumbushe. Tafuteni upande ambao ardhi inalingana na ghorofa, muweke mlango hapo, na muwe na maelewano na jirani wa upande huo, kwa sababu mlango huo siku moja ndio utakaokuwa mkubwa.

Na kabla fundi hajapiga kamba, keti na mkeo mjiulize swali ambalo mimi niliulizwa nikiwa nimeshajenga: nani atakuja kuugulia humu, na alale wapi bila kuvunjiwa heshima? Mama yake mkeo yupo, na wewe ni mkwe. Mila msiibishanie kwa unene wa zege. Mkiiendea kwa adabu huwa ina njia yake, mara nyingi ni njia mnayoipita kila siku. Kile chumba kizuri mnachokigombea, mkipende, lakini msikipende hadi mshindwe kukitoa. Mtakaolala chini mtapata mengine.

Nenda mwanangu. Mungu awape msingi usiotikisika na paa lisilovuja. Awape wazee wa kuwatunza, na wazee hao wapone mikononi mwenu. Awape watoto wa kukimbia ngazi hizo bila kuanguka. Na utakapozeeka, ukanyage sakafu asubuhi, na awepo mtu chini yako anayesikia hatua zako na kufurahi kwamba umeamka.